Mkono wa Roboti wa Mazoezi ya Upasuaji wa Tundu Dogo: Jinsi ya Kuubuni na Kuuunda Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Ninunue mota gani? Mkono wa viungo sita wa kiwandani utafaa? Programu niandike kwa lugha ipi? Yote yana majibu, ila yanatanguliwa na swali ambalo karibu hakuna anayeuliza: tundu liko wapi?

Katika upasuaji wa tundu dogo daktari hafungui tumbo. Anapitisha troka, yaani mrija mfupi, kwenye ukuta wa tumbo, kisha kifaa chembamba na kirefu kinaingia ndani yake. Kifaa hicho kina miendo minne tu isiyorarua tundu: kuinama mbele na nyuma, kuinama kushoto na kulia, kuingia na kutoka, na kujizungusha palepale. Sehemu kinapokatiza ukuta wa tumbo haitakiwi kusogea hata mkono wote wa nje ukizunguka. Hapa tutaiita nukta tuli. Ukiibuni roboti yako kuanzia hapo, mengi yatajipanga. Ukianzia kwenye mota, utairudia kazi mara tatu.

Mwongozo huu unakupa mkono mmoja wa mezani unaoshika kifaa cha milimita 5 juu ya sanduku la mazoezi. Hautumiki kwa mtu wala kwa mnyama. Sababu zimeelezwa karibu na mwisho.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Fremu:
- Bomba la alumini la mraba, milimita 30 kwa 30, unene wa ukuta milimita 2: kipande cha milimita 460 na kipande cha milimita 330.
- Beringi 608 nane na shafti za milimita 8; beringi 6001 mbili na shafti ya milimita 12 kwa mhimili mkuu.
- Puli za GT2: nne za meno 60, mbili za meno 80, mbili za meno 20. Zote za mkanda wa upana wa milimita 9.
- Mikanda ya GT2 iliyofungwa: mmoja wa milimita 620, mmoja wa milimita 720, na miwili ya kuunganisha mota.
- Reli ya MGN12 ya milimita 250 na kigari chake. Skrubu ya T8 yenye mwendo wa milimita 2 kwa mzunguko, pamoja na nati yenye springi ya kuondoa plei (ulegevu).
- Chuma cha kusawazisha, kilo 2.5, kinachoweza kusogezwa na kukazwa.

Umeme:
- Stepa mota (mota zinazokwenda hatua kwa hatua) tatu za NEMA 17 zenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya kushikilia isiyopungua 0.45 Nm, na moja ya NEMA 14 ya kuzungusha kifaa.
- Servo moja ya kufunga na kufungua taya za kifaa.
- Dreva (chipu za kuendesha mota) nne za TMC2209, kompyuta ndogo ya udhibiti ya Teensy 4.1, enkoda (vihisi vya pembe) tatu za AS5600.
- Pawa saplai ya volti 24, ampea 6, fyuzi, kontakta (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na kitufe chekundu cha dharura chenye kontakti ambazo kwa kawaida zimefunga.
- Pedali mbili za mguu.

Vingine: kifaa cha kushikia cha laparoskopi cha milimita 5 chenye urefu wa milimita 330, sanduku la mazoezi lenye kifuniko cha mpira, kamera ya fremu 60 kwa sekunde, kalipa, geji ya sindano inayosoma milimita 0.01, multimita, mizani ya jikoni, na simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde.

Kama huna uzoefu wa kulehemu waya na kukaza mkanda, fanya kwanza kifaa chepesi cha mhimili mmoja. Mhimili mmoja unaotetemeka unachekesha. Minne inayotetemeka kwa pamoja inakatisha tamaa.

Hatua ya 1: Andika jinsi itakavyoharibika

Chukua karatasi kabla ya bisibisi. Chora safu nne: kitakachoharibika, kitakachotokea kwenye ncha ya kifaa, namna utakavyokigundua, na kitakachoizuia roboti. Mistari kumi inatosha kuanzia. Mfano: waya wa enkoda umekatika, mkono unadhani umesimama kumbe unaenda, hesabu ya hatua za mota haikubaliani na enkoda, programu inakata umeme wa mota ndani ya milisekunde 50.

Kila mstari ambao safu ya nne iko tupu ni kazi ya ubunifu, haiwezi kuachiwa "uangalifu wa mtumiaji". Jedwali hili ndilo mbegu ya kile ambacho kiwango cha ISO 14971 kinadai kwa vifaa vyote vya tiba.

Hatua ya 2: Chora msambamba

Weka nukta nne: A kwenye kitako cha roboti, B juu ya A, C juu ya tundu, na T ambayo ndiyo nukta tuli.

- A hadi B: milimita 250. Hii ni pingili ya kwanza.
- B hadi C: milimita 300. Hii ni pingili ya pili.
- C hadi T: milimita 250, kwenye mstari wa kifaa chenyewe.
- T hadi A: milimita 300, na hapa hakuna chuma chochote. Ni hewa tupu.

Upande huo wa hewa ndio ujanja wenyewe. Pingili ya pili ikibaki sambamba na mstari wa A–T, na kibebeo cha kifaa kikibaki sambamba na pingili ya kwanza, kifaa kitazunguka kuizunguka T bila bawaba yoyote kuwepo pale. Mhimili mkuu, unaoinamisha mkono kushoto na kulia, unapita kwenye mstari huohuo wa A–T. Kwa hiyo miendo yote miwili ya kuinama inakutana tunduni.

Mkono wa viungo sita unaweza kuigiza nukta tuli kwa hesabu za programu. Upo, unafanya kazi, na kwa anayeanza ni chaguo baya: programu ikikosea, mkono una nguvu na nafasi ya kuvuta ukuta wa tumbo. Msambamba unaiheshimu nukta tuli hata umeme ukiwa umezimwa.

Mstari wa A–T uwe juu ya meza kwa milimita 260 au zaidi, na kifuniko cha sanduku kiwe kwenye kimo hichohicho.

Hatua ya 3: Unga pingili na mikanda

1. Toboa pingili ya kwanza: kutoka A hadi B milimita 250 kamili, na mkia wa takriban milimita 180 uendelee upande wa pili wa A kwa ajili ya chuma cha kusawazisha.
2. Toboa pingili ya pili: milimita 300 kutoka B hadi C.
3. Kila kiungo kipate beringi mbili zilizoachana kwa milimita 20 au zaidi. Beringi moja inaacha pingili iyumbe kama mlango wenye bawaba moja.
4. Puli ya kwanza ya meno 60 ifungwe A, kwenye kichwa kinachozunguka na mhimili mkuu. Isigusane na pingili ya kwanza. Puli ya pili ifungwe B, ikiwa imekazwa kwenye pingili ya pili. Mkanda wa milimita 620 uziunganishe.
5. Puli ya tatu ifungwe B, safari hii ikiwa imekazwa kwenye pingili ya kwanza. Ya nne ifungwe C kwenye kibebeo. Mkanda wa milimita 720 uziunganishe.
6. Weka kikaza mkanda kwenye kila mkanda.

Puli zikazwe mahali sahihi. Kosa la kawaida kabisa ni kuikaza puli ya A kwenye pingili ya kwanza. Mkono utaungika vizuri, utapendeza, na pingili ya pili itazunguka pamoja na ya kwanza kama kipande kimoja.

Kwa nini puli kubwa? Puli ya meno 60 ina nusu kipenyo cha milimita 19.1. Mkanda ukilegea kwa milimita 0.1 tu, kibebeo kinapinda kwa digrii 0.3, na kwa urefu wa milimita 250 hiyo ni milimita 1.3 tunduni. Kwa puli ya meno 20 kosa lingekuwa mara tatu.

Onyo: pingili zikipangwa ubavu kwa ubavu, kila moja inasogea pembeni kwa unene wa bomba. Ukifika C, kifaa kinaweza kuwa milimita 30 au 60 nje ya mhimili mkuu. Kibebeo lazima kikirudishe kifaa kwenye mstari. Ruka hili, na T itachora tao kila mkono unapoinama kushoto.

Hatua ya 4: Sawazisha kabla ya kufunga mota

Pima uzito wa kila kipande kwa mizani. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, kisha jumlisha. Mfano wenye namba za kawaida:

- Pingili ya kwanza: kilo 0.4 × mita 0.125 = 0.05
- Pingili ya pili: kilo 0.4 × mita 0.25 = 0.10
- Kibebeo, kigari na kifaa: kilo 0.7 × mita 0.25 kutoka T = 0.175

Jumla ni 0.325. Mkono ukiinama digrii 45, uzito huo unadai 2.25 Nm. Mota yako ya 0.45 Nm kupitia puli za meno 20 na 80 inashikilia 1.8 Nm ikiwa imesimama, na hupungua inapokimbia. Haitoshi. Wengi hapa hununua mota kubwa, na matokeo yake ni mkono wenye nguvu ya kuumiza unaoporomoka umeme ukikatika.

Funga chuma kwenye mkia: 0.325 ÷ mita 0.15 ni takriban kilo 2.2. Kwa jiometri hii, chuma hichohicho kinasawazisha miinamo yote miwili. Sogeza taratibu mpaka mkono uliolegezwa ubaki popote unapouacha. Kigari kikipanda na kushuka usawa utabadilika kidogo, na hicho kidogo mota itakibeba.

Usifunge mota mpaka hili likamilike. Mkono unaoanguka bila mota utaanguka siku umeme utakapokatika.

Hatua ya 5: Reli, skrubu na klipu ya kuachia

Funga reli kwenye kibebeo, sambamba na mstari wa C–T. Kigari kipate mwendo wa milimita 150, ncha ya kifaa iende kina cha milimita 30 hadi 180 chini ya tundu.

Skrubu ya milimita 2 kwa mzunguko ina faida kubwa: haizunguki yenyewe kwa uzito wa kigari, hivyo kifaa hakishuki umeme ukizimwa. Ina hatari kubwa vilevile. Mota ya 0.45 Nm kwenye skrubu hiyo inaweza kusukuma kwa zaidi ya newtoni 300, karibu sawa na kumwekea mtu mzigo wa kilo 30 kwenye ncha ya milimita 5. Usitegemee programu peke yake kuizuia.

Suluhisho ni klipu ya sumaku:

1. Kifaa, mota yake ya kuzungusha na servo vikae kwenye kibanda kimoja kidogo.
2. Kibanda kikae juu ya kidato cha kigari, kisiweze kushuka lakini kiweze kuinuliwa.
3. Sumaku mbili za neodimiamu za milimita 10 kwa 3 zikishike kibanda dhidi ya bati la chuma.
4. Weka mizani ya jikoni chini ya ncha, teremsha kigari taratibu, usome klipu inaachia kwa uzito gani. Lengo ni gramu 800 hadi 1,200, yaani takriban newtoni 8 hadi 12.
5. Ikiwa inashika mno, bandika tabaka za utepe kati ya sumaku na bati, moja moja, huku ukipima tena.

Klipu hiyo inafanya kazi mbili. Ncha ikigonga kitu, kibanda kinainuka badala ya kusukuma. Na roboti ikifa katikati ya zoezi, mtu anakivuta kifaa chote nje kwa mkono mmoja wenye glavu, bila bisibisi. Jaribu kwa glavu halisi. Vidole vitupu vinadanganya.

Hatua ya 6: Umeme

1. Kitufe chekundu kikate volti 24 za mota kupitia kontakta. Teensy ibaki na umeme wake ili iendelee kusoma enkoda na kuandika kilichotokea.
2. Tumia kontakti zilizofunga kwa kawaida: waya ukikatika, mashine inasimama. Ukitumia zilizo wazi, waya uliokatika utauona siku unapokihitaji kitufe.
3. Baada ya kitufe kuachiwa, mota zisiwake zenyewe. Kuwasha kuhitaji kitendo cha pili.
4. Weka mkondo wa dreva. Mota nyingi huandikwa mkondo wa kilele, dreva huwekwa kwa RMS, yaani mkondo fanisi. Gawanya kwa 1.41: mota ya ampea 1.7 inapata 1.2.
5. Unganisha alumini yote na ethi, na upime kwa multimita kuwa kila pingili imeungana. Beringi zenye grisi si njia ya umeme ya kuaminika. Pitisha waya laini kwenye kila kiungo.

Onyo: usichomoe wala kuchomeka waya za mota dreva ikiwa na umeme. Mara moja inatosha kuiunguza.

Hatua ya 7: Enkoda

Enkoda moja kwenye mhimili mkuu, moja kwenye kiungo A, moja mwishoni mwa skrubu. Mbili za kwanza zikae upande wa kiungo, wala si nyuma ya mota, kwa sababu unataka kujua mkanda ukiruka jino.

AS5600 zina mitego miwili. Zote zina anwani moja ya I2C (njia ya mawasiliano kati ya chipu), 0x36, na haibadiliki. Ukiziweka tatu kwenye njia moja zitapiga kelele pamoja. Teensy 4.1 ina njia tatu za I2C, mpe kila enkoda yake. Mtego wa pili ni sumaku: inatakiwa iliyosumakishwa kukata kipenyo, nusu kaskazini nusu kusini ukiitazama usoni. Sumaku ya kawaida ya duara imesumakishwa juu na chini, na enkoda haitaona mzunguko wowote. Nafasi kati ya sumaku na chipu iwe milimita 1 hadi 2.

Enkoda hii inagawa mzunguko kwa hatua 4,096, sawa na digrii 0.088, au milimita 0.23 kwenye kina cha milimita 150. Hatua ndogo za mota ni nzuri zaidi: 3,200 za mota × uwiano wa puli wa 4 ni 12,800 kwa mzunguko, digrii 0.028, milimita 0.07 kwenye kina hicho. Kwa hiyo iendeshe roboti kwa hatua za mota, na enkoda iwe shahidi. Zikitofautiana kwa zaidi ya digrii 1, kata.

Hatua ya 8: Hesabu ya mwendo

Nukta tuli ni sifuri. Mhimili wa z unashuka ndani ya sanduku, y unafuata mstari wa A–T, x unakwenda pembeni. Ukitaka ncha ifike x, y, z:

- kina d = √(x² + y² + z²)
- mwinamo wa mhimili mkuu = atan2(x, z)
- mwinamo wa pingili ya kwanza = asin(y ÷ d)

Hesabu imekwisha. Hakuna matriki za kurasa tatu, na hiyo ni zawadi nyingine ya nukta tuli.

Ila angalia d inapokuwa ndogo. Kasi ya kuinama ni kasi ya ncha kugawa kwa d. Ncha ikienda milimita 40 kwa sekunde kwenye kina cha milimita 10, mkono unainama kwa radiani 4 kwa sekunde, na kiungo kilicho milimita 250 nje kinapita kwa mita 1 kwa sekunde. Anayetazama skrini anaona ncha inatambaa. Msaidizi aliyesimama karibu anapigwa kichwani. Zuia mambo matatu kwa pamoja: d isishuke chini ya milimita 30, ncha isizidi milimita 40 kwa sekunde pembeni na 20 kuingia, na kila kiungo kiwe na ukomo wake wa kasi usiotegemea hesabu ya ncha.

Mzunguko wa udhibiti uende mara 1,000 kwa sekunde. Ujumbe kutoka kwenye kishikio cha daktari ukichelewa milisekunde 50, simamisha.

Hatua ya 9: Kishikio, klachi na chujio

Kishikio kinaweza kuwa joistiki yenye mihimili mitatu au fremu ndogo yenye potenshomita. Muhimu ni sheria zake:

1. Punguza mwendo. Anza na 3 kwa 1: mkono wa daktari milimita 30, ncha milimita 10.
2. Pedali ya kwanza ni ruhusa. Ikiachiwa, roboti inasimama palepale.
3. Pedali ya pili ni klachi. Ikikanyagwa, daktari anarudisha mkono wake katikati bila ncha kusogea.
4. Tuma tofauti ya mahali, usitume mahali. Ukituma mahali penyewe, klachi ikiachiwa ncha itaruka kwenda kwenye mkono mpya. Hili ndilo kosa la programu linaloonekana mara nyingi kuliko yote.
5. Fuata kamera. Kulia kwa daktari ni kulia kwa skrini. Kamera ikikaa kwa pembe ya digrii 30, zungusha mwendo kwa digrii 30 kabla ya kuupeleka kwenye hesabu.

Mtetemo wa kawaida wa mkono wa binadamu uko kati ya hezi 8 na 12. Chujio la Butterworth (hesabu inayopitisha mwendo wa polepole na kuzuia wa haraka) la daraja la pili lililowekwa hezi 5 linaupunguza vizuri, lakini linaongeza ucheleweshaji wa milisekunde 45. Ukiliweka hezi 2 ili ncha iwe "laini zaidi", unalipa milisekunde 112. Daktari atahisi anakoroga uji.

Pima ucheleweshaji wote: rekodi kwa fremu 240 picha inayoonyesha mkono na skrini pamoja, hesabu fremu kutoka mkono unapoanza hadi ncha inapoonekana kusogea, zidisha kwa 4.2 upate milisekunde. Tarehe 7 Septemba 2001 madaktari waliokuwa New York walimtoa kibofu cha nyongo mgonjwa aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, kwa ucheleweshaji wa karibu milisekunde 155 kupitia chini ya Atlantiki. Roboti yako iko mita moja kutoka kwenye kiti. Haina kisingizio cha kuzidi hapo.

Hatua ya 10: Ipime nukta tuli

1. Toa kifaa, weka fimbo ya milimita 5 yenye gololi ya chuma, katikati ya gololi pakiwa kwenye T.
2. Gusisha geji ya sindano kwenye gololi kutoka pembeni, kisha kutoka juu.
3. Inamisha pingili ya kwanza digrii 40 kila upande. Andika.
4. Rudisha katikati. Inamisha mhimili mkuu digrii 40 kila upande. Andika.
5. Rudia mara tano, mbili kati ya hizo ukisukuma kibebeo kwa kidole.

Chini ya milimita 1 ni mkono mzuri wa mezani. Kati ya 1 na 3, kaza mikanda. Juu ya 3, rudi hatua ya 2 ukiwa na kalipa.

Kwa nini bado si ya hospitali

Ukichapa sehemu yoyote kwa plastiki ya PLA, hulainika karibu na nyuzi joto 60, wakati kutakasa kwa mvuke ni nyuzi 121 au 134. Kwenye mashine halisi mkono hautakaswi kabisa. Unavikwa mfuko uliotakaswa, na kifaa kinapokea mwendo kupitia kiungo cha kati kinachotenganisha upande safi na usio safi. Kiungo hicho peke yake ni mradi mzima. Umeme unaovuja kwenda kwa mgonjwa, kwa sehemu zenye ulinzi wa juu kabisa chini ya IEC 60601-1, hautakiwi kuzidi mikroampea 10 katika hali ya kawaida. Pawa saplai yako ya mezani haikujengwa kwa hilo. Ongeza IEC 80601-2-77 kwa roboti za upasuaji, IEC 62304 kwa programu, ISO 10993 kwa kila kinachogusa mwili, halafu mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Mambo yakienda mrama

*Tundu linavutwa mkono ukiinama kushoto na kulia tu.* Kifaa hakikatizi mhimili mkuu. Weka shimu (kipande chembamba cha kujazia) kwenye kibebeo.

*Linavutwa ukiinama mbele na nyuma tu.* Mkanda umelegea, au A–B hailingani na C–T. Pima urefu kwanza. Kukaza mkanda hakutibu pingili iliyotobolewa vibaya.

*Ncha inatetemeka mkono ukiwa umetulia.* Zima kishikio. Ukiendelea, ni mota au mkanda. Ukikoma, ni kelele ya potenshomita, nayo inatibiwa kwa eneo dogo la kutojibu kwenye kishikio.

*Enkoda inarukaruka kwenye pembe zilezile kila mara.* Sumaku haiko katikati ya shafti. Ikiruka ovyo, tazama waya unaopita kando ya waya za mota.

*Mota inapoteza hatua kigari kikipanda.* Reli na skrubu haziko sambamba. Legeza nati, peleka kigari mwisho wa chini, kaza, peleka juu, kaza tena. Ukiongeza mkondo utaficha tatizo na kuchemsha mota.

*Klipu inaachia bila kuguswa mkono ukiinama.* Waya za servo zinavuta kibanda. Ziachie kitanzi, na uwekee mzunguko wa kifaa ukomo wa digrii 170 kila upande zisijisokote.

*Kila kitu ni kizima lakini mtumiaji anakosea upande.* Mwulize anaangalia wapi. Akiangalia mkono wa roboti badala ya skrini, atapata kinyume kila mara, maana ncha na mkono wa nje hupishana tunduni kama ncha mbili za mizani.

Mkono ukitulia, mwite daktari wa upasuaji aketi, umpe zoezi la kuhamisha pete sita kutoka kigingi hadi kigingi, na usimweleze chochote zaidi ya pedali. Katikati ya zoezi, chomoa waya wa kishikio bila kumwambia. Angalia mkono wake umekimbilia wapi. Kitufe chekundu kihamishie hapo.